Pochi ya damu: shajara ya kutengeneza vifaa vya dharura vya kuvaa kiunoni kila siku

9 Februari

Naanza kuandika leo leo maana nikiacha itaishia kama miradi yangu mingine yote. Juzi Mandela Road, upande wa Buguruni, mwenzetu wa kijiwe chetu cha bodaboda kagongwa na lori. Lori limeiburuza pikipiki, yeye kabaki pembeni, mguu wa kushoto umepasuka juu ya goti na damu inaruka, haichuruziki, inaruka. Sasa kinachoniuma ni kwamba huyu jamaa ndo pekee yake pale kijiweni alikuwa na boksi la huduma ya kwanza, lile jekundu la plastiki la kwenye magari, kalifunga vizuri kabisa nyuma ya siti. Boksi liko chini ya lori pamoja na pikipiki.

Watu wamejaa, nusu wanarekodi na simu, mmoja kaleta maji ya kunywa, mwingine kachomoa mpira wa tyubu wa kufungia mizigo kamfunga pajani, kafunga kwa nia njema kabisa ila hakukaza vya kutosha na damu ikazidi. Baadae ndo nikaelewa kwanini, ukibana nusunusu unafunga mishipa inayorudisha damu juu wakati ile inayoleta damu kutoka moyoni iko ndani zaidi na ina nguvu, inaendelea kusukuma tu, damu inaingia mguuni haina pa kurudi inatokea kwenye kidonda. Kilichomuokoa ni kanga. Mama mmoja alikuwa na kanga begani kaitupa pale, mzee mmoja kaikunja kaisokomeza kwenye kidonda af kapiga goti juu yake na uzito wake wote, hakuongea na mtu, mpaka bajaji imekuja. Jamaa yupo, katolewa vipande vya mfupa, ila yupo.

Kwahiyo mradi ni huu: kifurushi kidogo cha kuzuia damu kinachokaa mwilini mwangu. Sio kwenye pikipiki, sio chini ya siti, sio kwenye begi la mgongoni. Mwilini. Nikiruka huku pikipiki ikienda kule, kije na mimi. (Naiita pochi, maana nikiandika kit mtu atasoma kiti.)

11 Februari

Masharti niliyojiwekea: isizidi nusu kilo, nisiitoe nikikaa kula, niweze kuifungua kwa mkono wowote ule gizani, na abiria asiulize ni nini. Hilo la mwisho nimeliweka kwa sababu mteja akishaona umejiandaa kwa damu hapandi.

12 Februari

Nimekesha nasoma. Hivi vifurushi asili yake ni jeshini, na kwa raia wa kawaida vilipata moto sana Marekani, kampeni yao ya kufundisha watu wa mtaani kuzuia damu ilizinduliwa 2015, na mjadala wenyewe ulianzia kwenye mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012. Ndo maana ukiangalia orodha zao zimejaa vitu vya risasi: stika za kuziba tundu la kifua, sindano ndefu ya kutoa hewa kifuani, mrija wa puani. Huku kwetu tunachokutana nacho ni pikipiki, grinda, vioo na panga. Sindano ya kifuani mi sijui kuitumia na nikijifanya najua ntamuua mtu aliyekuwa anapona. Nimeifuta. Mrija nimeufuta. Stika za kifua nimezitolea macho mpaka saa nane usiku af nazo nikazifuta, mpaka nisome kozi.

Zilizobaki: tunikei moja, yani ule mkanda wenye kijiti cha kusokotea, unabana mkono au mguu mpaka damu isipite. Gozi ya kusokomeza. Bandeji ya kukandamiza. Glavu. Mkasi. Kalamu ya maka. Basi.

15 Februari

Kariakoo, maduka ya dawa ya jumla. Gozi roli mbili, krip bandeji za sentimita 10 mbili, glavu jozi nne, plasta ya roli. Dada wa duka kaniuliza "una mgonjwa nyumbani kaka?" nikamwambia bado, akanikazia macho. Jumla imekuja chini ya elfu kumi. Nilitegemea ugumu hapa, kumbe vitu vya msingi ni bei ya sahani ya biriani.

Tunikei hakuna. Nimezunguka maduka sita, wanakuletea ule mpira wa kutolea damu maabara, wa kufunga mkono sindano ipate mshipa. Huo siyo. Ule kazi yake ndo hiyohiyo iliyofanywa na tyubu pale Buguruni, kuzuia damu isirudi.

20 Februari

Nimepata ya kuagiza mtandaoni, elfu kumi na tano na usafiri juu. Inafanana na CAT, ile tunikei maarufu, kama mapacha, rangi nyeusi, maandishi, velkro, kila kitu. Nimeivaa pajani, nimekaza mkanda, nimezungusha kijiti mara moja, mara mbili, mzunguko wa tatu kijiti kimepinda kama kijiko cha aluminiamu kwenye ugali wa moto. Hakijavunjika, kimepinda tu, na mkanda ukaachia. Mama watoto alikuwa anaangalia kutoka jikoni kacheka mpaka kakaa chini, mi sikucheka. Hebu fikiria kinapinda mguuni kwa mtu.

Feki ziko nyingi sana na ndo hatari yake, pale mtandaoni huwezi kuitambua kwa picha. Ya kweli bei yake inacheza kwenye dola 30 hivi, kwahiyo ukiiona ya elfu kumi na tano ushajua. Nimemwomba mjomba aliyeko Uingereza aje nazo mbili akija Pasaka, anunue kwa muuzaji anayeeleweka. Ile feki sijaitupa, nimeiandika FEKI kwa maka pande zote, ni ya kufundishia watu kitu kinavyopinda.

27 Februari

Fundi wa mabegi, Tandika. Mzee wa watu, ana cherehani yake ya miaka. Nimeingia "shikamoo mzee", "marahaba, begi la nini?" nikamweleza. Kasikiliza yote, kauliza swali moja tu: unaifungua ukiwa umesimama au umelala? Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nikamwambia inawezekana nimelala. Akasema basi zipu isiwe juu, iwe inazunguka pande tatu, begi lianguke wazi kama kitabu, ukivuta kila kitu unakiona. Ukiweka zipu juu unaingiza mkono unapapasa kama mtu anatafuta funguo.

Turubai la nje la lori, kitambaa chekundu ndani ili vitu vionekane, lastiki za kushikia kila kifaa, mkanda wa begi wa inchi mbili. Elfu kumi na nane. Toleo la kwanza.

2 Machi

Toleo la kwanza limekufa. Nimelipima kwenye mizani ya duka la mangi: gramu 780. Nilikuwa nimeongezea iodini ya chupa, tochi, panadol, plasta za watoto, blanketi la karatasi ya kung'aa. Siku ya kwanza nimelivaa, ya pili nimelivaa, ya tatu joto la Dar limenishinda nimeliweka kwenye boksi la pikipiki "kwa muda tu". Yani siku ya tatu tu nishakuwa yule yule jamaa wa boksi jekundu. Hapo nimejishika mwenyewe, kila kitu nilichoongeza "kwa tahadhari" kilikuwa kinaisukuma pochi mbali na mwili. Panadol nje. Iodini nje, haizuii damu. Tochi nje, simu ninayo.

5 Machi

Suala la wapi ikae. Mbele ya tumbo: ukiinama kwenye usukani inakuchoma kitambi. Mgongoni: abiria anakandamizwa, na wengine wanaishika kama mpini. Kulia kiunoni: nikivunjika mkono wa kulia siifikii na wa kushoto, nimejaribu mbele ya kioo naonekana kama mtu anajikuna mgongo. Kushoto mbele, kwenye pembe ya nyonga, pale mfuko wa jinzi unapoanzia, mikono yote miwili inafika. Hapo hapo. Imekaa chini ya shati.

Kwenye vishikizo vya zipu fundi kaniwekea vitanzi vya kamba ya kiatu, kidole kinaingia hata kikiwa na glavu, na hata kikiwa kinateleza. Nimejaribu na mafuta ya kula mkononi.

19 Machi

Kozi ya huduma ya kwanza, siku mbili, jumapili hii na iliyopita. Mwalimu ni nesi mstaafu, mkali. Vitu vilivyonibadilisha kichwa:

Tunikei inakaa vidole vinne hivi juu ya kidonda, siyo kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe, pale mfupa unazuia isibane. Kama huoni kidonda kiko wapi kwa sababu ya nguo, panda juu kabisa ya paja au mkono. Unakaza mpaka damu isimame, siyo mpaka mgonjwa aseme inauma, ataanza kusema inauma mapema sana na ataomba ulegeze, usilegeze. Andika saa uliyofunga. Watu wanaogopa mguu utakufa papo hapo, mwalimu akasema masaa mawili ya kwanza mguu kwa kawaida unavumilia, mwili bila damu hauvumilii hata robo saa, mtu mzima ana kama lita tano tu.

Halafu kinena, kwapa na shingo, hapo hakuna pa kufunga mkanda. Kule Mogadishu Oktoba 1993 askari wa Marekani alifia hapo, jeraha la juu kabisa ya paja, wenzake wako pembeni yake na mkanda hauna pa kukaa. Hapo ndo gozi inasokomezwa ndani ya kidonda, ndani kabisa mpaka ijae, af unakandamiza kwa mikono miwili. Kwa gozi ya kawaida ni dakika kumi bila kuchungulia. Nikamkumbuka mzee wa kanga. Nikamwelezea mwalimu, akasema huyo mzee amefanya sawasawa, ila tumbo na kifua usisokomeze kitu.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango, baada ya kuagiza tunikei mbili nilitaka zote ziingie kwenye pochi, sasa ni moja na gozi roli mbili.

6 Aprili

Mjomba kafika. Mbili, kwenye pakiti zake. Moja imeingia kwenye pochi imeshakunjwa tayari kwa mkono mmoja, nyingine ni ya mazoezi tu na nimeisokotea uzi mwekundu, maana ile uliyofanyia mazoezi mara mia usije ukaitegemea siku yenyewe, plastiki na velkro zinachoka.

Muda wa leo kujifunga mwenyewe mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia: sekunde 71. Aibu.

14 Aprili

Mvua. Jangwani maji yamejaa kama kawaida ya masika, nimezungukia Kigogo, nimelowa mpaka kwenye mifupa. Kufika nyumbani nafungua pochi, gozi roli moja imelowa imekuwa kama mkate kwenye chai. Turubai halipitishi maji ila tundu za sindano zinapitisha, fundi kasema ndo zilivyo. Dawa yake rahisi: kila kitu kwenye mfuko wa ziplok, umetolewa hewa. Pia pochi imepungua unene kwa kidole kizima, sikutegemea.

Na glavu. Zile za mpira wa kawaida, nyeupe, miezi miwili ya joto na jasho zimegandana, nikivuta moja inachanika kama ngozi ya maziwa. Nimebadilisha zote za naitrili, za bluu. Gharama zaidi kidogo. Zinavumilia joto na mafuta.

22 Aprili

Mlinzi wa jengo moja Posta kanizuia. Kifaa cha mlangoni kimelia, kafungua pochi kaona mkasi, kanambia "hii silaha". Nikamwonyesha ncha, ni butu, imepinda, ni ya kukatia suruali ya mtu isimguse ngozi. "Bosi, hii ni silaha." Nikauacha mkasi getini, parseli ya mteja nikapeleka. Kurudi mkasi haupo, na mlinzi mwingine kaingia zamu.

Nimenunua mwingine mdogo, sentimita 14, ila kwakweli sijui kama nauhitaji. Jinzi haichaniki kwa mikono, hilo nimejaribu. Unabaki.

3 Mei

Sekunde 38.

11 Mei

Imetumika.

Tabata, nimempeleka mteja kwa fundi geti. Nikiwa namhesabia chenji nikasikia mlio, siyo mlio wa grinda, ni mlio wa kitu kukatika, diski imepasuka. Kijana aliyekuwa anakata bomba, hana miwani, hana kava kwenye grinda, kashika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia na ananiangalia mimi. Nadhani kwa sababu mimi ndo nilikuwa wa kwanza machoni kwake. Sehemu ya ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, kidonda kirefu kama kidole cha kati.

Nakiri kitu hapa. Mkono wangu ulienda moja kwa moja kwenye tunikei. Miezi mitatu nimeihangaikia, nimeiagizia Ulaya, nilitamani iwe yenyewe. Nikaishika kabisa. Af nikaangalia kidonda vizuri, damu ilikuwa nyingi ila inajaa na kumwagika, hairuki. Nikairudisha kwenye lastiki yake. Gozi, kandamiza. Mkono juu ya mkono, nimeegemea. Fundi mkuu anakuja mbio na dumu la mafuta ya taa amwagie, nikamwambia "hapana fundi, mshike mdogo wako begani, akae chini", akashangaa ila akafanya. Kijana anatetemeka ananiuliza kama atakatwa mkono, nikamwambia hapana, na mimi nilikuwa natetemeka.

Glavu sikuvaa moja. Mikono ina jasho, ya kushoto imeingia, ya kulia imegoma vidole viwili vikaingia tundu moja, nikaacha hivyo hivyo, nikakandamiza na ya kushoto chini. Gozi ya kwanza ikalowa, sikuitoa, nikaongeza ya pili juu yake. Nikahesabu dakika kumi kwenye simu ya yule mteja wangu, akiwa ameishika mbele ya uso wangu kama saa ya ukutani. Af krip bandeji kwa kukaza, nikaangalia kucha zake, bado zina rangi, vidole vinacheza. Bajaji, zahanati.

Kule nesi kakata bandeji yangu yote na mkasi kaitupa kwenye ndoo, kashona nyuzi kumi na moja. Hakuuliza chochote. Mi nilibaki naiangalia ndoo, gozi mbili na krip moja, kama elfu nne hivi.

12 Mei

Mabadiliko baada ya jana, nikiwa bado nakumbuka:

Glavu saizi kubwa zaidi, na zisikunjwe zote pamoja, kila moja ikunjwe peke yake mdomo ukiwa wazi. Ile kushindwa kuivaa ilinitia hofu kuliko damu yenyewe.

Gozi roli tatu badala ya mbili. Krip moja tu inatosha, ya pili nimeitoa. Uzito sasa gramu 340 kwa mizani ya mangi, ambaye saivi ananiuliza "leo kilo ngapi daktari".

Karatasi ndogo ndani, imepigwa laminesheni: jina, kundi la damu, namba ya mama watoto. Hii ni kwa ajili yangu mimi nikiwa chini, atakayeifungua asihangaike na simu yenye nywila.

Na tunikei nimeihamisha kutoka ukurasa wa mbele kwenda wa nyuma. Gozi sasa ndo ya kwanza kuonekana ukifungua. Kwenye vifurushi vya wenzetu mkanda ndo unakaa mbele, na kwa risasi ya mguu hawajakosea. Ila mimi najijua, kinachokaa mbele ndo mkono wangu utakishika.

30 Mei

Nilisahau kuivaa jana siku nzima. Hakuna kilichotokea. Nimeitundika sasa kwenye msumari ule ule wa helmeti, huwezi kuchukua helmeti bila kuigusa.

15 Juni

Fundi wa Tandika keshashona nyingine nne, za wenzangu wa kijiweni, kapunguza bei mpaka elfu kumi na tano kila moja kwa sababu pateni anayo. Mmoja wao ni yule jamaa wa lori, anatembea na fimbo, pikipiki hajarudi nayo barabarani ila anakuja kijiweni kupiga stori. Ya kwake kaomba iwe ya kijani. Tunikei za kweli hawana bado, tunachanga, mjomba anarudi Desemba. Kwa sasa pochi zao zina gozi, krip, glavu, na nimewakataza kabisa wasiweke mpira wa tyubu kama mbadala.

Tunafanya mazoezi jioni biashara ikipoa. Leo yule jamaa aliyegongwa na lori ndo alikuwa mshika saa. Mimi sekunde 24, mdogo wetu mmoja anayeendesha TVS sekunde 21 mara ya tatu tu kujaribu, nimeumia roho. Tukiwa katikati, huyo wa TVS yuko chini kwenye vumbi anajifunga paja na kupiga kelele za kuigiza, kaja mama mmoja na mfuko wa sokoni, kasimama, kaangalia, kauliza, "Nyie wanangu, huyu mnampeleka hospitali au mnanipeleka mimi Tandika?"

Kapelekwa Tandika. Buku mbili.